Hongo ya Njiani na Leseni ya Chuo

Somo la leo ni la historia. Wekeni kalamu chini kwanza, sikilizeni. Baadaye mtayasoma maneno haya haya katika karatasi, polepole, na mtu akishindwa na neno amwulize mwenzake aliye karibu.

Habari yenyewe ni hii. Katika mji wa Tabora siku hizi wako vijana wanaosoma chuo kikuu. Huenda mmoja wao ni mwanao, au ni mtoto wa ndugu yako. Akija nyumbani atakuambia, "Baba, chuo kimetupa programu ya kuandikia, nayo ina leseni." Wewe utaitikia, lakini moyoni utajiuliza. Leseni ya gari unaijua. Leseni ya duka unaijua. Leseni ya kuandikia inatoka wapi? Na kwa nini apewe na chuo, badala ya kwenda mwenyewe dukani akanunua?

Maswali hayo ni mazuri. Tutayajibu, lakini itatubidi kuanzia mbali kidogo, katika njia ya misafara.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo yote ilikwenda kichwani na begani. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo, ikaingia katika pori kali lisilo na maji, ikatokea Tura, na mwisho ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora. Hapo njia iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji, penye ziwa Tanganyika. Jingine lilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa nchi hiyo hiyo, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Kwenda pwani walichukua pembe za ndovu. Kurudi bara walichukua nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Tusisahau kwamba katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Habari yao inataka somo lake peke yake.

Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Tabora mwezi wa Novemba. Hesabuni kwa vidole. Miezi yote hiyo, kila walipoingia katika nchi ya mkubwa fulani, walidaiwa hongo.

Najua wengine mmecheka. Siku hizi hongo ni mlungula, ile "chai" anayopewa mtu kwa siri ili apindishe haki. Katika njia ya misafara neno hilo lilikuwa na maana nyingine. Hongo ililipwa mchana, mbele ya watu, na ilikuwa haki ya mtemi mwenye nchi. Ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Kiongozi wa msafara alikaa na wajumbe wa mtemi, wakabishana siku moja, mbili, hata tano. Walipokubaliana, katika nchi kadhaa za njia ile ngoma ilipigwa, kila mtu akajua kwamba msafara una ruhusa.

Wageni walilalamika sana. Soma kitabu chochote cha Mzungu aliyepita Ugogo, utaona manung'uniko. Lakini ebu tutazame upande wa pili. Ugogo ni nchi kavu. Kisima kilichimbwa kwa jasho, na msafara wa watu mia tano ukipita hapo huweza kukikausha kwa siku moja. Je, Mgogo aliyechimba asidai kitu? Mimi naona alikuwa na haki ya kudai. Kiasi alichodai ni jambo jingine. Hapo palikuwa na wenye tamaa na wenye kiasi, kama ilivyo kwa wenye mali popote.

Sasa shikeni jambo hili, maana tutalirudia. Aliyelipa hongo hakununua nchi. Hakununua hata kisima. Alinunua ruhusa ya kupita na kunywa, safari ile, kwa masharti yale. Akirudi mwaka ujao, alilipa tena. Merikani ulioinunua ni yako; utaivaa, utaigawa, utaizika nayo maiti. Njia uliyolipia hongo si yako.

Jambo la pili. Mfanyabiashara mdogo mwenye mizigo mitatu hakuthubutu kwenda peke yake. Angedaiwa hongo ambayo ingemaliza mizigo yote mitatu. Kwa hiyo alingoja msafara mkubwa, akajiunga nao, akaingia katika hesabu ya mkubwa wa msafara. Mkubwa alizungumza na watemi kwa niaba ya wote. Mdogo alifuata amri ya msafara: kuondoka pamoja, kulala pamoja. Siku alipojitenga na msafara, na ruhusa yake iliishia hapo.

Wako waliokataa kulipa. Mtemi Mnwa Sele wa Unyanyembe, aliyemfuata Fundikira, alitaka Waarabu wa Tabora walipe ushuru kwa bidhaa zao. Wakakataa, wakapigana naye, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnwa Sele aliuawa mwaka 1865 baada ya kuhangaika porini miaka mingi. Kisha akaja Mirambo. Mwaka 1871 Mirambo aliwashinda Waarabu vitani akaifunga njia ya Ujiji kabisa, na pembe hazikupita. Mwaka huo huo Stanley alikuwa akimtafuta Livingstone. Ilimbidi kuzunguka kusini, na alipofika Uha alidaiwa nguo nyingi, akalipa, kisha akaambiwa mbele wako wakubwa wengine wa kulipwa. Akafanya nini? Alimpa kiongozi nguo, akaondoka usiku na watu wake, kimya kimya, wakakata porini mpaka wakatoka nje ya Uha. Stanley alipenda kusimulia habari hiyo kama ushujaa. Waha, wangeulizwa wao, wangeiita kwa jina jingine.

Haya, tuache misafara. Sasa tuje kwenye kompyuta.

Kompyuta ni mashine. Mashine hiyo peke yake haijui kitu, sawa na cherehani isiyo na fundi. Ili iandike barua au ifanye hesabu, inahitaji maagizo, maelfu na maelfu ya maagizo yaliyoandikwa na watu wenye ujuzi. Mkusanyo wa maagizo hayo ndio tunaouita programu. Huwezi kuishika kwa mkono. Lakini imechukua jasho la watu kama kisima kilivyochukua jasho la Mgogo, na tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: kisima hukauka watu wakinywa, programu haikauki. Ukiinakili mara elfu, ile ya kwanza ipo vile vile. Ugomvi wote nitakaowasimulia unatoka katika tofauti hiyo.

Katika nchi yetu kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuweka hesabu za serikali kwa kompyuta haikwenda vizuri, hasara ikawa kubwa, na wataalamu wenyeji walikuwa wachache. Mwaka 1974 serikali ikakataza kuingiza kompyuta nchini. Katazo hilo lililegezwa polepole katika miaka ya 1980. Kwa hiyo mkiona tumechelewa kuzoea mambo haya, jueni kwamba sababu mojawapo ni hiyo. Siwalaumu sana waliokataza, kwa maana mtu aliyeungua kwa uji wa moto huupuliza hata uliopoa. Lakini miaka ile yote wenzetu walikuwa wakijifunza.

Na wenzetu walikuwa wakifanya nini? Hapo mwanzo programu ilikuja pamoja na mashine, bei moja. Mwaka 1969 kampuni kubwa ya Marekani, IBM, ilitangaza kwamba tangu sasa programu zitauzwa mbali na mashine zitauzwa mbali. Tangu siku hizo programu ikawa bidhaa yenyewe. Mwaka 1976 kijana mmoja jina lake Bill Gates, mwenye kampuni changa ya Microsoft, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta. Aliwaambia kwamba wengi wao wanatumia programu yake bila kulipa, na kwamba huo ni wizi. Wengi walikasirika. Kijana huyo baadaye akawa tajiri wa kwanza duniani, kwa hiyo mnaweza kukisia kwamba hongo yake hatimaye ililipwa.

Lakini vyuo vikuu vilikuwa na njia yao. Mwaka 1969 wataalamu wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walianza kutengeneza programu iitwayo UNIX katika maabara ya kampuni ya simu ya Marekani. Kwa amri ya mahakama ya mwaka 1956, kampuni hiyo ya simu ilikuwa imezuiwa kuingia katika biashara nyingine. Basi katika miaka ya 1970 iliwapa vyuo vikuu leseni ya UNIX kwa bei ndogo sana, tena pamoja na maandishi ya ndani, ili wasomi waone jinsi ilivyojengwa. Wanafunzi wakaisoma, wakairekebisha, wakaiboresha; Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilisifika kwa kazi hiyo. Kisha mwaka 1984 kampuni ya simu ilivunjwa vipande, ikaachiwa kufanya biashara, na bei ya leseni ikapanda.

Programu nyingine ina kisa kinachonifanya nitabasamu. Iitwa SPSS, na kazi yake ni kupiga hesabu za utafiti: umeuliza watu mia nne maswali, nayo inakuhesabia majibu. Mwanao akisoma ualimu au elimu ya jamii, huenda ameitumia. Ilizaliwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye ikawa kampuni, na mwaka 2009 kampuni hiyo ikanunuliwa na IBM. Leo vyuo vikuu hulipa ili kutumia kitu kilichozaliwa chuoni.

Sasa twende kwenye swali la mwanao: chuo kinampaje leseni?

Programu nyingi nzuri ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa mshahara wa mwalimu, au kwa fedha ya matumizi ya mwanafunzi, bei yake ni kama ile hongo iliyomaliza mizigo mitatu. Chuo ni msafara mkubwa. Huenda kwa kampuni na kusema: sisi tuna walimu wengi hivi, makarani wengi hivi, wanafunzi wengi hivi, tupeni bei ya wote pamoja. Kampuni hukubali bei nafuu, na nyingine hutoa baadhi ya programu bure kwa vyuo. Wanafanya hivyo kwa wema, labda. Lakini pia wanajua kwamba mwanafunzi aliyezoea programu fulani leo ataitaka kesho kazini kwake, na hapo mwajiri wake atalipa bei kamili. Mkataba huandikwa, mara nyingi wa mwaka mmoja mmoja, nao hulipwa tena ukiisha.

Kisha chuo humpa kila mtu wake jina la kuingilia na neno la siri, pamoja na anwani ya barua pepe ya chuo. Anwani hiyo ndiyo alama ya kuwa mtu huyu yumo katika msafara. Mwanao akiandika jina na neno lake, kompyuta hupeleka habari mbali, inauliza kama mtu huyu yumo katika orodha, na jibu likiwa ndiyo, programu hufunguka. Kazi hiyo ni ya dakika chache, madhali mtandao upo.

Desturi hii ya kujiunga imeingia hata katika vitabu. Maktaba za vyuo vikuu na za utafiti hapa Tanzania zina umoja wao, COTUL, unaozisaidia kupata kwa pamoja majarida ya kitaalamu yanayosomwa katika kompyuta. Maktaba moja ndogo ya bara ingesimama peke yake mbele ya wachapishaji wa Ulaya, isingepata hata salamu.

Masharti ni yapi? Sikilizeni hapa, ninyi wazazi na ninyi mnaofanya kazi vyuoni, maana hapa ndipo watu huumia. Kwanza, leseni ya chuo ni ya masomo na kazi za chuo. Mwanao akiitumia kuendesha biashara yako ya kuchapa barua pale sokoni, mara nyingi amevunja mkataba, na aliyetia sahihi mkataba ule ni chuo. Pili, neno lake la siri si la kumwazima mjomba. Tatu, na hili ndilo kubwa: leseni hukoma atokapo chuoni. Amemaliza masomo, amevaa joho, mmechinja mbuzi, mmefurahi. Baada ya muda chuo humwondoa katika orodha. Siku moja anafungua kompyuta, na programu inamwambia kwamba hana ruhusa. Na kama maandishi yake yote ya miaka mitatu aliyaweka katika ghala ya mtandao ya chuo, bila kujiwekea nakala nyingine, basi anaweza kukuta ghala limefungwa na kazi yake imo ndani. Mwambieni mapema. Kabla ya kutoka, achukue nakala ya kila alichoandika, akiweke katika chombo chake mwenyewe.

Hapo ndipo wengi hufanya kama Stanley kule Uha. Huenda kwa fundi wa mtaani, wakawekewa programu iliyovunjwa kufuli kwa fedha kidogo, usiku mmoja kazi imekwisha. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, kwa hiyo jambo hilo ni kosa. Lakini liko na dhara la karibu zaidi kuliko mahakama. Aliyevunja kufuli la programu aweza kuingiza ndani yake kitu kingine, programu ya hila, inayoiba maneno ya siri au kuharibu maandishi. Chama cha ushirika kikiweka hesabu za tumbaku ya wakulima katika kompyuta ya namna hiyo, kinaweka jasho la watu mahali pabaya.

Wala sitaki mdhani kwamba nawatetea wenye kampuni tu. Bei inayopangwa kwa kipimo cha mshahara wa London si bei kwa mtu wa Urambo. Ukimwambia asiibe, umwonyeshe na njia ya halali anayoiweza.

Njia hiyo ipo, na historia yake inarudi kwa UNIX. Bei zilipopanda na maandishi ya ndani yakafichwa, watu waliona uchungu. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kwamba atatengeneza programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kutumia, kusoma, kubadili na kugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, alitoa programu yake iitwayo Linux, nayo ikaenea dunia nzima. Programu hizi nazo zina leseni. Msikosee hapo. Ni ruhusa iliyoandikwa, ila ruhusa yenyewe ni pana, na haikomi mtu atokapo chuoni. Kwa hesabu za utafiti iko programu iitwayo R, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Yule mwanafunzi wa SPSS angeweza kuitumia maisha yake yote bila kudaiwa.

Na sisi tulikuwemo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni moja ya Sweden, kilifanya kazi iliyoitwa Kilinux. Waliitafsiri kwa Kiswahili programu huru ya kuandikia na kupigia hesabu, wakaiita Jambo OpenOffice. Maneno yote ambayo mtu huyaona katika kioo cha kompyuta ilibidi yatafutiwe Kiswahili chake. Hiyo si kazi ndogo. Waliweza kuifanya bila kumwomba mtu yeyote ruhusa, kwa sababu leseni iliruhusu kubadili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba programu zake zitapata sura ya Kiswahili. Huenda zingepata hata hivyo. Mimi naamini kwamba kuona wenzao wakiifanya kazi hiyo kuliwaharakisha.

Mtu wa Tabora leo ana faida ambayo mpagazi hakuwa nayo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umefika mpaka Tabora. Ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha habari kwa mwanga. Mwanafunzi wa chuo kile kilichopewa jina la Askofu Mkuu Mihayo, au wa Chuo Kikuu Huria aliye mjini hapo, huomba ruhusa na kujibiwa kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo mwanao akija likizo, muulize mambo matatu. Leseni ya chuo inakoma lini? Nakala za kazi yake ziko wapi? Na ziko programu gani huru zifanyazo kazi ile ile, ambazo anaweza kumwekea dada yake aliyebaki nyumbani bila kuvunja mkataba wa mtu?

Sasa chukueni karatasi zenu, msome fungu la hongo kwa sauti, mtu mmoja mstari mmoja. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma jinsi reli ilivyofika Tabora na jinsi wapagazi walivyopata kazi nyingine. Kwaherini.